Siasa ya Kijiko cha Kupimia: Historia Fupi ya Maziwa ya Kopo

Miaka michache iliyopita mdogo wangu wa kike alijifungua kwa upasuaji, akapata matatizo na akalazwa kwa wiki kadhaa. Mtoto aliruhusiwa kabla ya mama yake, akaletwa nyumbani kwangu. Mama yetu mzazi alisafiri kutoka kijijini kuja kumlea mjukuu, nami, mjomba mtu, nikapewa jukumu la kununua maziwa ya kopo. Jumapili moja nilisoma maelekezo yaliyoandikwa ubavuni mwa kopo, nikamwonyesha mama alama kwenye chupa, nikamwambia: "Maji yafike hapa, kisha vijiko viwili." Kesho yake nikaenda kufundisha.

Baada ya wiki tatu muuguzi wa kliniki aliitazama kadi ya mtoto, akanyamaza, kisha akatuonyesha mstari wa ukuaji. Ulikuwa umelala. Aliuliza maswali machache tu, na la mwisho ndilo lililofichua kila kitu: "Bibi, unaweka vijiko vingapi?" Mama akajibu bila wasiwasi kwamba tangu wiki ya kwanza alikuwa anaweka kimoja. Aliponiona nimeshtuka alinieleza kwa upole, "Mwanangu, kopo lile linaisha kabla hujageuka. Nikaona nilivute lifike mwisho wa mwezi. Hata uji tunapunguza unga siku za shida."

Nimelikumbuka jibu hilo mara nyingi. Mama yangu si mtu asiyejua kusoma. Kiswahili anakisoma vizuri kabisa, na Biblia yake imechakaa kwa kusomwa. Lakini kopo lile lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Mimi, mwenye shahada ya uzamivu, nilikuwa nimemtafsiria kipimo bila kumweleza sababu yake. Yeye akafanya kile ambacho kila mama wa nyumba ya kipato kidogo amefanya kwa vizazi: akapunguza ili kitoshe.

Katika makala haya sitaki kuzungumzia familia yangu zaidi ya hapo. Ninataka kuonyesha kwamba kosa lile lina historia ya zaidi ya miaka 150, na kwamba historia hiyo ni ya kisiasa. Swali la nani anapima, nani anaandika maelekezo, kwa lugha gani, na nani analaumiwa mtoto anapodhoofika, limejadiliwa mahakamani, bungeni na kwenye mikutano ya kimataifa. Sisi tumelipokea kama jambo la jikoni tu.

Tuanze na hesabu yenyewe, kwa sababu bila hesabu hiyo historia haitaeleweka. Bidhaa nyingi zilizoko madukani kwetu huelekeza kijiko kimoja, kilichosawazishwa bila kilele, kwa kila mililita 30 za maji. Si zote, zipo ambazo kijiko chake ni kikubwa zaidi, na ndiyo maana kijiko cha kopo moja hakipaswi kutumika kwenye kopo jingine. Maji hupimwa kwanza, unga hufuata. Unga ukizidi, chumvi na protini huwa nyingi kuliko figo za mtoto zinavyoweza kuhimili, naye huweza kukaukiwa maji mwilini. Unga ukipungua, mtoto hushiba maji. Tumbo linajaa, analala, na mlezi anaamini kazi imekwenda vizuri, kumbe mtoto anakonda.

Sasa tuchukue mtoto wa kilo 6, yaani wa umri wa miezi mitatu hivi. Kwa wastani anahitaji mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, jumla mililita 900. Hivyo ni vijiko 30. Kijiko cha kawaida hubeba takriban gramu 4 na nusu, kwa hiyo kwa siku moja hutumika gramu 135. Kopo la gramu 400 linakwisha kwa siku tatu. Kwa mwezi ni makopo 10. Msomaji aliyewahi kuuliza bei ya kopo hilo dukani afanye kuzidisha mwenyewe, kisha alinganishe na mshahara wa mhudumu wa ofisi, mlinzi, au mapato ya mama lishe. Baada ya hapo arudi kwenye jibu la mama yangu, aone kama lilikuwa jibu la ujinga.

Bidhaa hii ilizaliwa Ulaya, katika karne ya 19, wakati viwanda vilikuwa vimewatoa wanawake wengi majumbani na vifo vya watoto wachanga vilikuwa vingi mno. Mwaka 1865 mwanakemia wa Kijerumani, Justus von Liebig, alitangaza chakula alichodai kinakaribia maziwa ya mama: unga wa ngano, unga wa kimea, maziwa ya ng'ombe na bikaboneti ya potasiamu. Kilihitaji mizani, moto na uangalifu mkubwa. Miaka miwili baadaye, mjini Vevey, Uswisi, Henri Nestlé alianza kuuza unga wake wa maziwa, ngano na sukari. Ubora wake kibiashara ulikuwa mmoja mkubwa: mama alihitaji kuongeza maji tu na kupika. Urahisi huo ndio ulioifikisha bidhaa mbali, na kama tutakavyoona, ndio ulioficha sharti kubwa kuliko yote, yaani maji yenyewe.

Nchini Marekani mwishoni mwa karne hiyo, daktari Thomas Morgan Rotch wa Harvard aliifanya kazi hii kuwa hesabu kamili. Aliamini kila mtoto anahitaji mchanganyiko wake wa mafuta, sukari na protini kwa asilimia maalumu, nao ubadilishwe kadiri anavyokua. Madaktari walijaza karatasi kwa hesabu ambazo mama wa kawaida hakuweza kuzifuata. Ndipo maziwa haya yalipopata jina ambalo Waingereza na Wamarekani wanalitumia hadi leo, neno lenye maana ya kanuni ya hesabu.

Hapa pana tukio dogo ambalo wanafunzi wangu husikia kwa mshangao. Katika miaka ya 1910 kampuni ya Mead Johnson ilianza kuuza Dextri-Maltose, aina ya sukari ya kuchanganya na maziwa ya mtoto. Iliitangaza kwa madaktari, na kwenye kifurushi haikuweka maelekezo ya namna ya kumlisha mtoto. Mama aliyetaka kujua kipimo alipaswa kwenda kwa daktari. Daktari akapata mteja, kampuni ikapata wakala anayeheshimika, na mama akapoteza mamlaka juu ya chakula cha mwanawe. Kwa hiyo tunaposema leo kwamba akina mama hawajui kupima, tukumbuke kwamba ilikuwapo biashara iliyojengwa juu ya kutowaambia.

Bidhaa hizi zilivuka bahari pamoja na ukoloni. Anayestahili kukumbukwa kuliko wote katika hatua hii ni daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika. Alipokuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliueleza ulimwengu wa kitabibu ugonjwa wa unyafuzi, akahifadhi jina alilolipata kwa akina mama wa Kiga, kwashiorkor, badala ya kuupa jina la Kilatini. Alichukulia kwamba akina mama wale wana maarifa. Baadaye alihamishiwa Malaya, na huko alikuta maziwa mazito ya kopo yenye sukari yakipigiwa debe kuwa chakula cha watoto wachanga, nao watoto wakidhoofika na kufa. Mwaka 1939, mbele ya wanachama wa Rotary wa Singapore, watu wenye fedha na nyadhifa, alitoa hotuba aliyoiita "Maziwa na Mauaji". Alisema wazi kwamba propaganda inayowashawishi akina mama waache kunyonyesha yafaa iadhibiwe kama jinai kubwa, na vifo vinavyotokana nayo vihesabiwe kuwa mauaji. Vita vya dunia vikafuata, na hotuba yake ikasahaulika kwa takriban kizazi kizima.

Afrika Mashariki nayo ina nafasi katika historia hii. Katika miaka ya mwanzo ya 1960, Derrick Jelliffe alikuwa profesa wa tiba ya watoto Makerere. Uzoefu wa wodi za Mulago na wa sehemu nyingine za dunia ulimfikisha, mwaka 1972, kwenye dhana iliyowakera wenye viwanda: utapiamlo uletwao na biashara. Alikuwa anasema kwamba njaa ya mtoto haitokani na ukame peke yake; yaweza kuletwa na tangazo. Mwaka uliofuata, gazeti la New Internationalist la Uingereza lilichapisha mahojiano na madaktari Ralph Hendrickse na David Morley, waliofanya kazi miaka mingi Nigeria, nao wakaeleza waliyoyaona: chupa chafu, maji yasiyochemshwa, na unga uliopunguzwa ili kopo lifike mbali. Mwaka 1974 shirika la War on Want likatoa kijitabu cha Mike Muller kiitwacho The Baby Killer. Kilieleza pia juu ya wanawake waliovalishwa sare kama za wauguzi na kutumwa na makampuni wodini na majumbani, wakagawa makopo ya bure. Mama akitumia kopo la bure kwa siku kadhaa, maziwa yake mwenyewe hupungua kwa sababu mtoto hanyonyi. Kopo la bure linapokwisha, hana tena chaguo.

Kikundi cha wanaharakati mjini Bern, Uswisi, kilikitafsiri kijitabu hicho kwa Kijerumani na kukipa kichwa kikali zaidi, kilichosema kwamba Nestlé inaua watoto. Kampuni ikashtaki. Mwaka 1976 mahakama iliwatia hatiani wanaharakati 13 kwa kashfa, kila mmoja akatozwa faini ya faranga 300. Lakini jaji hakuishia hapo. Aliiambia kampuni kwamba inapaswa kufikiri upya juu ya namna inavyotangaza bidhaa zake. Wanaharakati walishindwa kesi, wakashinda mjadala. Mwaka 1977 kampeni ya kususia bidhaa za Nestlé ilianza Marekani.

Mwezi Mei 1978 suala likafika mbele ya kamati ndogo ya Seneti iliyoongozwa na Edward Kennedy. Mkuu wa Nestlé nchini Brazili, Oswaldo Ballarin, alidai kwamba kampeni ile ilikuwa shambulio dhidi ya mfumo wa uchumi wa dunia huru. Kennedy alimuuliza kuhusu bidhaa inayohitaji maji safi ikiuzwa mahali pasipo na maji safi, kwa watu wasioweza kusoma maelekezo. Ballarin alijibu kwamba hawezi kubeba wajibu wa maji ya nchi nzima.

Jibu hilo lina ukweli wa nusu, na nusu hiyo inatuhusu sisi. Ni kweli kwamba kampuni ya maziwa si idara ya maji. Lakini kipimo kilichoandikwa kwenye kopo kimebeba ndani yake mfumo mzima: bomba lenye maji salama, nishati ya kuchemshia, sabuni, uwezo wa kusoma na mshahara wa makopo 10 kwa mwezi. Anayeuza kopo mahali ambapo mfumo huo haupo anajua anachokiuza. Na dola inayoruhusu kopo liuzwe bila kujenga mfumo huo nayo inajua.

Tarehe 21 Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni ya Kimataifa ya uuzaji wa maziwa mbadala ya maziwa ya mama. Nchi 118 zilikubali, 3 hazikupiga kura, na moja tu, Marekani, ilipinga. Maofisa wawili wa shirika lake la misaada walijiuzulu kwa kutoridhika na kura hiyo. Kanuni ile haikupiga marufuku maziwa ya kopo, na ni vyema jambo hili lieleweke. Ilikataza kuyatangaza kwa umma, kuwapa akina mama sampuli za bure, na kuwahonga watumishi wa afya. Pia ilitaka lebo ieleze maandalizi sahihi na hatari za kukosea, kwa lugha inayofaa kwa watumiaji. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994 na kuzifanyia marekebisho mwaka 2013. Kenya ilipitisha sheria mwaka 2012. Kopo lililoingia nyumbani kwangu bila neno moja la Kiswahili liliingia katika nchi yenye kanuni, si nchi isiyo nazo.

Historia hii ingekuwa rahisi kama ingeishia kwa makampuni mabaya na maziwa ya mama mema. UKIMWI uliivuruga. Ilipobainika kwamba virusi vinaweza kupita katika maziwa ya mama, ushauri wa miaka yote ukatikisika. Utafiti uliofanyika Nairobi na kuchapishwa mwaka 2000 uliwagawa kwa bahati nasibu akina mama wenye VVU: kundi moja linyonyeshe, jingine litumie maziwa ya kopo. Watoto walipofika umri wa miaka 2, waliokuwa wameambukizwa walikuwa asilimia 36.7 katika kundi la kunyonya na asilimia 20.5 katika kundi la kopo. Hiyo ni tofauti kubwa, ni maisha ya watoto. Lakini viwango vya vifo katika makundi yote mawili havikutofautiana sana, ingawa akina mama wale walikuwa wamechaguliwa kwa kigezo cha kuwa na maji ya bomba na walifundishwa maandalizi. Kopo liliwaepusha wengine na virusi, lakini halikuwaepusha na kifo kwa kiwango hicho hicho.

Botswana, nchi yenye maji safi kuliko nyingi barani, ilikuwa ikiwapa akina mama wenye VVU maziwa ya kopo bure. Mvua kubwa zikanyesha kati ya mwisho wa 2005 na mwanzo wa 2006, maji yakachafuka, na mlipuko wa kuhara ukaua watoto wengi. Walio wengi mno kati ya waliolazwa hawakuwa wakinyonya. Mfumo uliobeba kipimo ulikatika kwa msimu mmoja tu. Leo, kwa sababu ya dawa za kufubaza virusi, akina mama wenye VVU wanaotumia dawa kwa uaminifu hushauriwa kunyonyesha. Suluhisho lilitokana na tiba ya umma, si na kopo.

Wala tusidhani kwamba nchi tajiri zimesalimika. Mwaka 2008 nchini China wafanyabiashara walioongeza maji kwenye maziwa walitia melamini ili yaonekane yana protini ya kutosha katika vipimo. Takriban watoto 300,000 waliugua, na 6 walithibitishwa kufa. Huko nako kilichochezewa kilikuwa kipimo, ila safari hii kilichezewa kiwandani. Aidha, unga wa kopo si unga usio na vijidudu kabisa, hata likiwa limefungwa vizuri. Ndiyo maana tangu 2007 Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba maji yachemshwe na unga uchanganywe yangali na joto lisilopungua nyuzi 70, kisha maziwa yapozwe, na yasipotumika ndani ya saa 2 yamwagwe. Katika nyumba inayopika kwa mkaa, agizo hilo maana yake ni kuwasha jiko mara sita hadi nane kwa siku, usiku ukiwemo. Wengi huweka maji kwenye chupa ya chai jioni, na kufikia alfajiri yamekuwa vuguvugu. Nani atamlaumu mlezi asiyelala?

Nirudi nyumbani kwetu. Tangu 2001 ushauri wa kimataifa ni kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84, au 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja, na baada ya hapo hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Siku 84 ni wiki 12. Kati ya wiki ya 12 na mwezi wa 6 pana pengo la zaidi ya miezi mitatu, na pengo hilo ndilo soko la kopo. Saa 2 zile, kwa mama anayefanya kazi mjini kati na kuishi Chanika au Kibamba, zinaishia kwenye daladala. Na mama muuza samaki, kibarua wa shambani au dada wa kazi hana hata hizo. Wiki ya kwanza ya Agosti kila mwaka tunawahubiria akina mama faida za kunyonyesha. Wiki inayofuata tunawaita kazini.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, nina ombi la mambo matatu yasiyohitaji mfadhili. La kwanza, lebo za Kiswahili zisimamiwe bandarini na madukani, zenye mchoro wa kijiko kisicho na kilele na onyo juu ya kuzidisha na kupunguza. La pili, hospitali imsaidie mama aliyelazwa kukamua maziwa yake. Mdogo wangu alilala wiki kadhaa bila mtu kumwambia kwamba jambo hilo linawezekana, na aliporudi maziwa yalikuwa yamekauka. La tatu, muuguzi anapomwelekeza mlezi kuhusu kopo aeleze sababu, asiishie kwenye idadi ya vijiko. Kwa wanaharakati na wanafunzi: miezi 6 ya likizo ya uzazi si anasa, ni hesabu ile ile ya makopo 10 kwa mwezi iliyohamishwa kutoka mfukoni mwa mama kwenda kwenye mfuko wa pamoja.

Siku ile tuliporudi kutoka kliniki nilikaa na mama mezani. Nilimwekea kopo, chupa na kijiko, nikamweleza yote: kwa nini viwili, kwa nini maji kwanza, kwa nini yawe ya moto, na kwamba nitanunua makopo mengine hata kama ni kwa mkopo. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Sasa mbona hukuniambia tangu siku ile?" Sikuwa na jibu la maana. Akachukua kalamu, akabandika karatasi juu ya kopo na kuandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili. Mstari kwenye kadi ulianza kupanda kliniki iliyofuata.